Kura ya Kukaa: Nilivyomkalimania Mbunge wa Kifaransa

Siku yangu ya kwanza kazini, karani mkuu alinipima sauti kabla hajanipima akili. Alinisimamisha kwenye veranda ya mahakama ya Nakuru, akavuka barabara, akapita soko, akasimama mbele ya maduka ya Wahindi, kisha akapunga mkono niseme jina langu na la baba yangu. Nilisema. Flamingo wote wa ziwani waliruka kwa pamoja wakaenda kutua Bogoria, na wengine, naambiwa, hawajarudi mpaka leo. Karani mkuu alirudi akijifuta masikio kwa leso, akaniambia nimepata kazi ya ukalimani, na kwamba kuanzia siku hiyo mdomo wangu si wangu tena.

Nyinyi vijana mnaosoma haya mmezoea vipaza sauti. Sisi tulikuwa ndio vipaza sauti. Mkalimani alisimama nusu hatua nyuma ya msemaji, upande wa kushoto, ili sikio lake lipokee maneno na uso wake uonekane na watu. Kazi ya mahakamani iliitwa kupokezana: msemaji anasema kifungu, ananyamaza, wewe unakitoa kwa lugha ya pili. Na ulisema "mimi", hukusema "yeye". Kama mshtakiwa amesema "niliiba mbuzi," wewe unatamka kwa Kiingereza kwa sauti safi kwamba uliiba mbuzi. Wiki yangu ya kwanza shangazi yangu alikuja kuniona nikifanya kazi ya heshima, na Kiingereza kidogo alikijua kwa kufua nguo za wazungu. Akanisikia nikikiri kuiba, kupiga na kuchoma ghala, yote kabla ya chakula cha mchana. Alitoka akilia, na nyumbani ilichukua mikutano miwili ya ukoo kunisafisha.

Mahakamani tuliapa kutoongeza na kutopunguza. Kwenye baraza ilikuwa tofauti kidogo. Huko tuliruhusiwa kile tulichokiita kupepeta, yaani unaacha pumba unabaki na punje, kwa sababu mkutano wa watu mia hauwezi kungoja kila neno la Bwana DC, mkuu wa wilaya. Karani mkuu hakupenda kupepeta. Alikuwa mtu mnene wa maneno machache, na aliniambia, "Kijana, siku utakayopepeta mbele ya polisi, hakikisha upepo uko upande wako."

Kiingereza changu sikukipata shuleni. Baba alikuwa mtu wa magharibi aliyeletwa Nakuru na kazi ya reli, na mimi nilikua nikibeba mizigo stesheni. Nilijifunza jioni, katika ukumbi wa nyumba za wafanyakazi, masomo ya watu wazima ambayo hapa kwetu tunaita ngumbaru. Mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Gichohi. Mchana alifundisha watoto katika shule ndogo ya shamba la mzungu mmoja kule Dundori, na jioni aliteremka na baiskeli isiyo na breki mpaka mjini. Ule mteremko wa Dundori mnaujua. Alifika darasani machozi yakimtoka kwa upepo na soli za viatu zikitoa moshi, akaanza kufundisha bila hata kukaa. Tuliingia pale wapagazi, wapishi na matandiboi wa malori, tukatoka watu wa kushika kalamu. Nikisema kwamba kila neno la Kiingereza nililowahi kulipwa kwalo lilitoka kinywani mwa mtu huyo, hapo sijatia chumvi hata kidogo.

Kisha ikaja Hali ya Hatari. Sina haja ya kuwaeleza nyinyi mambo ambayo babu zenu wenyewe waliwaficha. Nitasema tu kwamba Nakuru nzima ilijifunza kutazamana kwa pembe ya jicho. Wakikuyu walitembea na pasi ya ruhusa na bado wakakamatwa wakiwa nayo. Mtu akikusalimia mara mbili kwa siku moja, ulijiuliza salamu ya pili ni ya nani. Mimi mwenyewe nilifika mahali nikamshuku kinyozi wangu, kwa sababu aliniuliza kama nataka nywele fupi.

Mwalimu Gichohi alichukuliwa asubuhi moja, akapandishwa lori mbele ya wanafunzi wake, shule ikafungwa kwa kufuli. Kosa lake halikusomwa popote. Wengine walisema ni kwa sababu mtu anayeshuka mjini kila jioni lazima ana la kushukia. Kule kizuizini, tulikuja kusikia baadaye, alikuwa akiambiwa kila mara jambo moja: watu wako wa Dundori wamekukana wote, hakuna hata mmoja anayesema ulikuwa mwalimu wao. Angepata mtu wa kumsemea, faili lake lingetazamwa upya. Lakini nani angemsemea? Kumtaja tu mtu aliye kizuizini ilikuwa ni kujiandikia nafasi kwenye lori linalofuata.

Wakati huo nilikuwa nimehamishiwa ofisi ya kazi, ile iliyosikiliza ugomvi wa waajiri na vibarua. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Afisa wa Kazi, mzungu mrefu aliyekuwa akiinama hata mahali pasipo na mlango. Siku moja aliniita akafunga dirisha. Akasema anakuja mgeni, Mbunge wa Ufaransa, mtu wa mrengo wa kushoto. Dada yake ameolewa na mwenye shamba kule Dundori, amekuja kumwona dadake, ndivyo anavyosema. Pia anataka kuongea na wafanyakazi wa mashamba. Nairobi hawakuweza kumkatalia, basi wamemkubalia na kumwekea masharti: asiende popote bila mkalimani wa serikali, na asiende popote bila Bwana Inspekta wa polisi.

"Na wewe," akaniambia, "utasikia kila kitu."

"Ndiyo, Bwana."

"Utasikia tu. Inspekta akikuuliza, utamwambia ulichosikia."

Jioni ile ile Inspekta alinikuta kwenye ngazi za ofisi. Alikuwa mzungu aliyezaliwa shambani huko Mau Narok, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha wengi wetu, jambo lililokuwa likinitisha kuliko bastola yake. Tabia yake ilikuwa kutafuna njiti ya kiberiti na kutazama mikono ya watu badala ya nyuso. Aliniambia mtu huyu ni mkomunisti, na wakomunisti huja na tabasamu. Nikamwambia nitakuwa macho. Akaniambia atakuwa macho kwangu pia. Tukaagana vizuri.

Mgeni alishuka kwenye treni akiwa amevaa kofia bapa nyeusi iliyolalia sikio moja. Kabla hajafika kwenye gari, wapagazi walikuwa wameshambatiza Bwana Chapati. Alikuwa mfupi, kifua kama pipa, na vidole vyeusi kwenye mikunjo, weusi ule usiotoka kwa sabuni. Mimi mtoto wa stesheni niliutambua mara moja, na nikashuku. Mbunge gani ana vidole vya makaa?

Kwenye Landi Rova alinieleza mwenyewe, kwa Kiingereza cha kukwaruza kama changu. Kabla ya siasa alikuwa mtu wa kutupa makaa kwenye tanuri la treni. Akaingia chama cha wafanyakazi, akaongoza migomo, wakati wa vita akafungwa na Wajerumani, na vita vilipoisha watu wa mji wake wakampeleka bungeni. Nilimuuliza kushoto ni nini. Akasema kwao wabunge hukaa kwa nusu duara, matajiri na marafiki zao mkono wa kulia wa spika, wanaotetea vibarua mkono wa kushoto, na hivyo ndivyo wamekaa tangu enzi za babu zao. Nikamwambia kwetu mkono wa kushoto haupeani chakula. Alicheka mpaka Inspekta, aliyekaa mbele, akageuka kuona ni siri gani tunayogawana.

Nilimwambia pia, kwa kumpima, kwamba kazi ya ubunge lazima ni tamu. Hapo akaacha kucheka. Akanieleza kwamba aliwahi kuupoteza ubunge huo. Wachimba makaa wa mji wake walikuwa kwenye mgomo, na yeye akasimama bungeni akatangaza kwamba wamekubali kurudi kazini. Hakuwauliza. Aliona anawajua vya kutosha. Uchaguzi uliofuata walimwangusha, na siku ya matokeo mzee mmoja akamtemea mate kwenye kiatu, akamwambia, nani alikutuma? Ikamchukua uchaguzi mwingine mzima kuzunguka nyumba kwa nyumba ndipo wakamrudisha.

"Tangu hapo," akaniambia, "mtu asiponituma, sisemi. Hata kama najua ni kweli."

Nikayaweka maneno hayo akilini na kuyashuku kwanza. Mtu anayekuambia aibu yake siku ya kwanza ana haja na yako.

Tulianzia Mau Narok. Kule kwenye ngano wafanyakazi walisimama mbele yetu kama nguzo za ua. Bwana Chapati aliuliza kuhusu mishahara, wakasema ni mizuri. Aliuliza kuhusu chakula, wakasema ni kizuri. Aliuliza kuhusu mvua, nyapara akatazama kwanza uso wa Inspekta, ndipo akasema mvua pia ni nzuri, na wakati huo ilikuwa inatunyeshea mgongoni na kutulowesha mpaka soksi. Tukaenda Bahati, huko ikawa vivyo hivyo, ila mzee mmoja alimuuliza mgeni kama kweli kule kwao kuna wazungu maskini. Aliposema ndiyo, wapo wengi, watu walitazamana, na niliona kabisa kwamba hapo ndipo walipoamua ni mwongo.

Basi kila mtu alikuwa na shaka yake. Vibarua waliona huyu ni mtego wa serikali. Serikali iliona ni mtego wa Warusi. Shemeji yake, mwenye shamba la Dundori, alimpa kitanda kizuri na kumfungia pombe kabatini. Bwana Chapati alinishuku mimi kuwa sikio la polisi, na Inspekta alinishuku kuwa mdomo wa Bwana Chapati. Mimi niliwashuku wote, na kwa sababu za tahadhari nilikuwa nimeanza kujishuku mwenyewe.

Dundori tulifika siku ya mwisho. Mkutano ulifanyika kwenye nyasi mbele ya banda la kukamulia, karibu na ile shule iliyofungwa kufuli. Baridi ya huko juu ilikuwa imemkamata hata Inspekta, njiti ikimcheza mdomoni. Walikaa chini wakamuaji, wachumaji wa maua ya pareto na wachimbaji wa viazi, wanawake upande huu, wanaume upande ule. Bwana Chapati alianza maswali yake, wakaanza kumjibu kwamba mambo ni mazuri. Nami nikaanza kufikiria chai.

Ndipo akasimama Mama Wangeci. Alikuwa mkamuaji, mama wa watoto wengi, ulimi wake ukijulikana kutoka Dundori mpaka Ol Kalou. Hakumtazama mgeni, alinitazama mimi.

"Karani, mwulize huyu mzee. Ile nyumba ina kufuli. Kwao shule hufungwa kwa ajili ya nani?"

Nikatafsiri. Bwana Chapati akauliza mwalimu yuko wapi. Hata ng'ombe walinyamaza, naapa. Mama Wangeci akaketi. Alikuwa amefika ukingoni, na ng'ambo ya pale kulikuwa na jina ambalo hakuna aliyetaka kulitamka mbele ya Inspekta.

Mgeni akanigeukia. Nami nilijua. Nilijua kuliko wote pale. Lakini mkalimani hana la kusema mwenyewe, mdomo si wake. Nikamwambia Bwana Chapati kwa Kiingereza kwamba kama anataka kujua mwalimu aliko, aulize serikali, si mimi. Inspekta akatafuna njiti, akasema kwa utulivu kwamba mwalimu yuko kizuizini kwa sababu za usalama, na watu hawa wenyewe wamemkana.

Hapo nikaona kifua cha Bwana Chapati kikijaa. Akawaambia watu, nami nikatoa sauti ile ya flamingo: yeye ni mbunge, atapita Nairobi kuonana na wakubwa, kisha atasimama katika Bunge la kwao. Anaweza kuwaambia kwamba watu wa shamba hili wanasema mwalimu alikuwa mtu wao na wanamtaka arudi. Lakini hawezi kusema bila kutumwa. Lazima wamtume.

Kisha akageuka kwangu, akasema lile neno ambalo alikuwa amelisema maisha yake yote, kwenye yadi za treni na milango ya migodi. "Waambie wanaokubali wainue mikono."

Vijana, sikilizeni vizuri. Kwa mtu wa chama cha wafanyakazi hilo ni jambo dogo kama kupiga chafya. Lakini Dundori wakati ule, mkono ulioinuliwa mbele ya polisi ulikuwa ni jina limejiandika. Zaidi ya hapo, watu kukusanyika na kuinua mikono juu kwa pamoja, kukubali jambo moja, kulifanana na kitu kingine kabisa. Kulifanana na kiapo cha wapiganaji wa msituni, na kwa kiapo hicho watu walikuwa wakinyongwa. Wengi pale walijua Kiingereza cha kutosha kuelewa kabla sijafungua mdomo. Niliona mikono ikitoweka. Mmoja aliitia chini ya mapaja, mwingine ndani ya koti, mwanamke mmoja akaifunga kwenye kanga pamoja na mtoto. Inspekta aliacha kutafuna. Alikuwa akisubiri mikono, nayo mikono ndiyo ilikuwa taaluma yake.

Nikitafsiri neno kwa neno, hakuna mkono utakaoinuka, mgeni ataondoka akiamini kwamba kweli wamemkana, na Mwalimu atabaki huko huko. Ukiinuka hata mmoja, mwenye mkono huo atalala kituoni. Nikanyamaza kama mtu anayetafuta neno. Na katika kule kunyamaza nikasikia kengele ya kukamua. Pale shambani kengele ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, nyapara akikigonga kwa chuma. Ikigongwa, kila mtu husimama na kwenda bandani, na anayechelewa hukatwa mshahara. Kwa miaka yote ya shamba lile hakuna aliyewahi kukaa kengele ikilia. Hata wagonjwa walisimama.

Nikasema, kwa ile sauti: "Mimi naomba hivi. Asiyetaka mwalimu arudi, asimame aende kazini. Anayemtaka, akae alivyokaa. Asifanye kitu chochote."

Nilimsikia Inspekta akivuta pumzi. Kiswahili alikijua, msisahau.

Nyapara aligonga reli tena. Akagonga ya tatu. Hakuna aliyesimama. Ng'ombe kule bandani walianza kulia kwa viwele kujaa, na mlio ule ulivuka bonde, ukagonga Menengai, ukarudi. Mwenye shamba alitoka kwenye veranda ya nyumba yake akiwa na kikombe mkononi, akapiga kelele, nyapara akagonga reli mpaka nikadhani mti utaanguka. Watu walikaa. Walikaa wakitazama nyasi, kama waliosahau kwamba miguu hukunjuka. Mzee mmoja aling'oa jani akaanza kusafisha meno. Mama Wangeci alikuwa akimfunga mtoto wa jirani kifungo cha sweta, polepole sana, kifungo ambacho hakikuwa kimefunguka.

Bwana Chapati aliniuliza, bila kugeuza kichwa, "Nimeomba mikono. Umewaambia nini?" Na katika sauti yake nilisikia kwamba ameshaamua mimi ni nani.

"Hapa mkono ni hatari, Bwana," nikamjibu. "Wanaokubali wamekaa."

"Mtu yeyote anaweza kukaa."

"Ile ni kengele ya kazi."

Akatazama reli. Akatazama ng'ombe, akamtazama shemeji yake akija mbio kwenye nyasi na chai ikimmwagikia suruali, akawatazama wale watu walioketi. Polepole uso wake ukabadilika, kama mtu aliyesikia wimbo wa kwao katika nchi ya mbali. Alikuwa ametumia ujana wake akitazama watu wasiosimama kengele ikilia. Hakuhitaji mkalimani kwa hilo.

Akavua kofia. Mara ya kwanza tangu stesheni. Akasema, "Hiki nakijua. Waambie nimetumwa."

Nikawaambia, na nikaongeza kwamba mkutano umefungwa. Hapo walisimama wote kwa pamoja, wakakimbilia bandani kwa kasi ambayo ng'ombe wenyewe walishtuka. Siku ile, inasemekana, maziwa yalitoka mara mbili.

Inspekta aliniita kando ya gari. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa pingu.

"Walikubali nini wale?"

"Bwana Inspekta, ulikuwepo. Uliona mkono wowote?"

"Sikuona."

"Hata mimi sikuona. Hakuna aliyefanya kitu."

Aliitazama mikono yangu, mmoja baada ya mwingine. Kisha akasema, "Wewe ni mtu mbaya sana," lakini alilisema kama fundi anavyomwambia fundi mwenzake. Wiki iliyofuata nilipata uhamisho kwenda mahakama ndogo huko juu kwa wafugaji, mahali ambapo kesi ilikuja moja kwa mwezi na ilihusu ngamia. Bwana Afisa wa Kazi alinipa mkono akainama, akasema sababu ya uhamisho haikuandikwa, na mimi nikamwambia ninayo ile isiyoandikwa. Karani mkuu wangu wa zamani alinitumia salamu: upepo ulikuwa upande wako, lakini kidogo tu.

Bwana Chapati alirudi kwao. Kwa yale aliyoyasema bungeni nina ushahidi wa dada yake peke yake, ambaye niliwahi kukutana naye dukani Nakuru. Alisema kaka yake alisimama upande wake wa kushoto, akawaeleza habari ya shule yenye kufuli na watu waliokaa, nao wa kulia wakampigia miluzi. Baadaye alipinga vita ambavyo nchi yake ilikuwa ikipigana ng'ambo, na safari hiyo watu wake wakamnyima kura kwa kusema alichokiamini. Dada yake alihuzunika. Mimi nilimuuliza kama kabla ya kusema aliwauliza. Akasema ndiyo, aliwauliza, wakamkataza, akawaambia basi safari hii atasema kwa jina lake mwenyewe. Sijui kama huko ni kukosea tena au ni kuhitimu.

Mwalimu Gichohi aliachiliwa. Ni kwa nini, sijui, na wanaojua hawasemi. Mwenye shamba alidai ni yeye aliyeandika kumwombea. Inspekta, nilipokutana naye mara ya mwisho, alidokeza kwamba ni yeye. Mimi nina shaka zangu. Mwalimu mwenyewe alikuwa na shaka kuliko wote. Alirudi amekonda, shule ikafunguliwa, akafundisha tena, lakini hakuwatazama watu wa Dundori machoni. Kule ndani walikuwa wamemwambia mara nyingi mno kwamba wote walimkana. Nilipomweleza habari ya kengele, alinisikiliza kwa adabu kama anavyomsikiliza mwanafunzi aliyenakili jibu.

"Wangapi walikutuma?" akaniuliza.

"Wote, Mwalimu."

"Nani aliinua mkono?"

"Hakuna."

"Basi," akasema, akaendelea kufuta ubao.

Miaka ikapita, bendera zikabadilika, nikarudi Nakuru na kupanda cheo mpaka nikawa mimi karani mkuu, nikiwapima vijana sauti kutoka ng'ambo ya soko. Mahakama zikapata vipaza sauti na masikio ya watu yakapumzika. Nilipostaafu, niliwaachia wakalimani wapya neno moja tu: kiapo kinakataza kuongeza na kupunguza, lakini msisahau kumtazama mtu anayesikiliza, kwa sababu kuna wakati neno sahihi humwua aliyeletewa.

Sherehe yangu ya kustaafu ilifanywa uwanjani, na niliwaalika wazee wa Dundori. Walikuja na lori la viazi, wakakaa mstari mmoja, Mama Wangeci katikati na fimbo yake. Mwalimu Gichohi, nywele zote nyeupe, alikaa mbele yao na wageni wa heshima. Mwenyekiti wa sherehe alikuwa kijana mchangamfu. Alipomaliza hotuba akasema kwa mzaha kwamba jambo hili lazima lipigiwe kura: wanaokubali kwamba mzee huyu alifanya kazi vizuri, wainue mikono.

Mikono ikapanda uwanja mzima kama mahindi. Isipokuwa ule mstari wa Dundori. Wazee wote, bila kuambizana, waliitia mikono yao chini ya mapaja wakatulia wakitazama nyasi. Mwenyekiti akacheka, akasema eeh, mzee, hawa wa nyuma wamekukataa. Watu wakaangua kicheko.

Mwalimu alikuwa ameinua wake. Aligeuka kuona wanaochekwa ni nani. Aliutazama ule mstari kwa muda mrefu, mzee mmoja baada ya mwingine, kama anayeita majina darasani. Kisha akaushusha mkono wake taratibu, akaukalia.